Sura ya Janvier Niliyoifuta

Cheka sasa hivi kama unataka kucheka, umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, nikiwa nimeshiba viazi na maharage, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Sikuwa na homa. Wala mimi si mtu wa kuona mashetani kila kona. Nilizaliwa Butembo, katika familia ya wauza duka, na kwetu mtu anafundishwa kupima chumvi na kulala mapema. Niamini basi, au usiniamini, lakini usiniambie kwamba niliota.

Miaka ile ya vita ilinikuta Burungu, kule Masisi. Nilikuwa na duka la sabuni, chumvi na betri, na nyuma ya duka nilikuwa na chumba chenye mabenchi sita na kompyuta moja. Kompyuta hiyo ndiyo iliyonipa jina la Papa Sinema. Fundi mmoja aliitia kadi ya kushika televisheni, nami nikasimamisha antena juu ya mti mrefu wa mwanzi, mlimani, ikaunganishwa kwa waya mpaka ndani. Umeme ulitoka kwenye betri mbili za lori. Kulikuwa na programu ambayo unaiambia chaneli, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, nayo inarekodi yenyewe huku wewe umelala.

Utauliza, kwa nini kurekodi, si watu wangeangalia tu moja kwa moja? Ndugu yangu, nani angetoka nyumbani jioni? Saa kumi na mbili milango yote ilikuwa imefungwa. Ukikutwa njiani, wapiganaji wa upande huu wanakubebesha mizigo yao mpaka msituni, na wa upande ule wanakuuliza kwa nini uliwabebea wenzao. Kwa hiyo televisheni ya jioni tuliiangalia kesho yake saa saba. Burungu nzima iliishi nyuma kwa siku moja. Tulishangilia mabao ambayo wenzetu wa Goma walikuwa wameshayasahau, na mtu akitoka Sake na matokeo mdomoni tulimfukuza kabla hajatuharibia.

Ila si mpira uliowaleta watu wa kambi. Kambi ya waliokimbia vita ilikuwa chini kidogo ya duka langu. Kituo kimoja cha Goma kilikuwa na kipindi cha communiqué baada ya habari. Waliopotezana na jamaa zao walisimama mbele ya kamera, wakataja jina, kijiji, wanayemtafuta na mahali walipo. Saa saba watu wa kambi walijaa kwenye mabenchi bila kusemezana, macho kwenye kioo. Mara moja moja mwanamke alipiga kelele, akaanguka juu ya jirani yake, nasi tukajua amemwona mtu wake.

Shida ilikuwa diski. Ilikuwa ndogo, na kila nilichorekodi kiliila. Siku moja nilifuta kipindi ambacho ndani yake mzee mmoja alikuwa ametafutwa na binti yake, na mzee hakuwa ameona. Walitaka kunipiga. Mkatekista, mwalimu wa dini wa kambi, aliwatuliza, akanipa rozari mkononi, akaniapisha mbele yao wote: communiqué haifutwi mpaka imeonyeshwa saa saba, siku tatu mfululizo. Niliapa. Hata msalaba niliubusu.

Sasa kuna mwanamke aliyeitwa Feza. Alitoka Kibua, kwa watu wa msitu wa Walikale, na alipotezana na mumewe, Janvier, usiku walipokimbia risasi. Alikuja kila siku, akakaa benchi la mbele. Alinieleza sura ya mumewe mara nyingi hata nikamjua mtu ambaye sijawahi kumwona: mrefu, meno ya mbele yameachana, na vidole viwili vya mkono wa kushoto hana, alivikata kwa panga akifyeka shamba. Kila siku kipindi kikiisha aliniuliza, "Kaka, ni ile tu? Hakuna ingine?" Nami namjibu, "Ni ile tu, dada. Kesho."

Jumatano moja asubuhi nilikagua peke yangu kilichorekodiwa jana yake. Nikamwona. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu aliinua mkono kujifuta jasho, na mkono ulikuwa na vidole vitatu. Niliruka kwa furaha, nakwambia kweli. Nilijiona nikimwita Feza, nikiona uso wake.

Lakini mvua ilinyesha mchana kutwa, mvua ile ya Masisi isiyojua kuchoka, na hakuna hata mmoja wa kambi aliyekuja. Jioni ile kulikuwa na mechi ambayo vijana waliisubiri mwezi mzima. Nikaipanga kwenye programu, programu ikaniambia nafasi haitoshi. Ningeweza kufuta mechi ya wiki iliyopita. Sikuifuta, kwa sababu vijana walitaka kuirudia, na mimi pia nilitaka. Nikajisemea, neno ni neno, nitamwambia Feza kwa mdomo, inatosha. Kompyuta ikauliza kwa Kifaransa kama nina hakika. Nikabonyeza Oui, ndiyo.

Alhamisi mvua ilikatika, wakaja wote, mkatekista naye yuko kati yao. Kabla sijafungua kinywa Feza akauliza, "Kaka, jana na juzi hakukuwa kitu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa na Mubambiro alikokaa Janvier, nilikuwa na soko la Sake alipomngoja, nilikuwa na siku, mpaka Jumapili. Lakini nikisema nimemwona Janvier, atasema nionyeshe, na nitaonyesha nini? Nilimwangalia mkatekista. Nikasema, "Hakuna, dada."

"Basi," akasema. "Kesho asubuhi kuko watu wa kwetu wanarudia Kibua. Nitafwatana nao. Labda njo huko eko ananingoja."

Nilipanga kumwendea jioni, nimwambie pembeni. Jioni risasi zililia upande wa Kitchanga, tukafunga milango. Alfajiri nilipofika kambini alikuwa ameshaondoka. Watu wanaotembea na mizigo na watoto, ningewakimbilia ningewapata kabla ya mchana. Nilirudi dukani nikafungua, nikauza sabuni. Hilo ndilo nililofanya siku ile, niliuza sabuni.

Wiki mbili na nusu zikapita. Ilikuwa Jumanne, saa saba, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni na watu hawakuwa wamefika bado. Nilikuwa nimeinama kwenye kompyuta napanga majina ya vipindi. Nikasikia benchi la mbele linalia. Nikageuka, nikamwona Feza amekaa mahali pake.

Sikuogopa, ndivyo nilivyo mjinga. Nilifurahi. Nikasema, "Dada, umerudi!"

"Kaka, anzisha," akasema.

"Ya jana haina kitu, nimeshaiangalia."

"Si ya jana. Ile ya Janvier. Iko hapo. Anzisha tu."

Nani alimwambia? Nikaangalia orodha kwenye kioo, na naapa mbele yako, kipindi kile kilikuwa pale, katikati ya vingine, na tarehe yake ya Jumanne ile ya kabla ya mvua. Nilikifuta kwa mkono wangu. Mechi iliyochukua nafasi yake nayo ilikuwepo. Nilikibonyeza, kwa sababu mkono wenyewe ulikwenda.

Janvier akatokea, akajifuta jasho. "Mimi njo Janvier wa Kibua," akasema. "Niko natafuta bibi yangu Feza."

"Niko hapa," Feza akamjibu.

"Niko Mubambiro, kwa shemeji. Feza, nitakungoja Sake, pa soko, kila siku mpaka siku ya Mungu. Kama hautakuya, nitajua uko Kibua, nitakufwata huko."

"Rudisha, kaka," akasema Feza. Nikarudisha. Akamjibu tena palepale, kwa sauti ileile ya mtu anayeongea na mumewe jikoni. Nilirudisha mara tatu. Mara ya tatu alinyoosha mkono akagusa kioo, pale penye vidole vilivyokatika.

Kisha akanigeukia. "Hii iliingia siku gani?"

Nikamwambia.

"Na mimi nilikuuliza siku gani?"

Nikamwambia na hiyo pia. Alihesabu kwa vidole vyake, polepole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Angenitukana ningeshukuru. Angenitemea mate usoni ningejifuta nikamwomba radhi. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua, dada. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisimama, akajifunga vizuri kitenge chake. "Janvier atafika hapa," akasema. "Akifika, umuambie mimi sikujua. Ni ile tu. Umuambie sikujua."

Nikainamia kompyuta kuizima, maana sikuweza kumwangalia usoni, na nilipoinua kichwa hakuwepo. Nilitoka mbio. Mama aliyeuza ndizi mlangoni pangu tangu asubuhi akaniuliza ninamtafuta nani. Hakuna aliyeingia, akasema, na hakuna aliyetoka. Nilirudi kwenye kioo, kipindi kimetoweka. Je, wewe ungefikiri nini? Mimi nilijua, ila nilikataa kujua.

Siku tano baadaye Janvier alifika. Ilikuwa saa saba, mabenchi yamejaa, mkatekista amekaa karibu na dirisha. Alikuwa amekonda kuliko kwenye kioo, kofia yake ameishika kwa mkono ule wa vidole vitatu. Aliuliza kwa heshima nani ni Papa Sinema, nikasema ni mimi.

"Papa, pole kwa kazi. Mimi njo bwana ya Feza." "Feza alikufa. Walikutana na vita mu njia, mbele ya kufika Kibua. Wenzake njo walimuzika kando ya barabara, wakanionyesha kaburi."

Nilimwuliza lini. Akataja siku. Nilihesabu kichwani, na kwa hesabu yoyote nitakayofanya mpaka nife, Feza alikuwa amekwisha lala ardhini siku kumi nzima alipokaa kwenye benchi langu.

Watu wakalia, wengi walimjua. Janvier akangoja kilio kipungue. "Wananiambia hapa njo alikuwa anaangalia communiqué," akasema. "Ile yangu, aliona?"

Hapo ndipo neno langu lilipotakiwa. Nilipewa neno moja tu la kusema, na mwenye nalo alirudi kutoka kaburini kunipa. Chumba chote kiliniangalia. Mkatekista aliniangalia. Nikasema, "Aliona."

Usiniambie nilidanganya. Au niambie, nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi. Aliona kweli, mara tatu, mbele ya macho yangu.

"Aliona?" Janvier akarudia. "Na alisikia nasema Sake?"

"Alisikia."

"Sasa juu ya nini hakukuya? Kutoka hapa mpaka Sake si mbali. Nilikaa pa soko mpaka wakafunga."

Ningesema "hakujua", ningelazimika kusema kwa nini, na kwa nini ilikuwa mimi, rozari na mpira. Alinisubiri muda mrefu, mtu mwenye subira yule. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo likamwingia.

"Basi alikuwa alishanichoka," akasema. "Aksanti, Papa, kwa kuniambia ukweli."

Akavaa kofia akatoka. Alinishukuru, unasikia? Nilikaa pale labda dakika kumi, mkatekista ananiuliza nina nini, mpaka mwili ukanisukuma nje. Nilikimbia njia ya Sake nikiita jina lake. Penye kizuizi askari walinirudisha kwa kitako cha bunduki. Kesho yake nilijaribu tena, nikafika Mubambiro, nikauliza nyumba kwa nyumba. Shemeji alikuwa amehama. Nilituma salamu Kibua kwa watu watano tofauti. Hakuna aliyeleta jibu.

Mbele ya mkatekista nilisema yote, wiki ileile. Hakunigombeza, aliniambia tu kwamba niliyepaswa kumwambia siye yeye. Kompyuta niliiacha kambini, waifanyie wanavyotaka. Siku hizi niko Butembo, nina mke na watoto, na televisheni wanaangalia wao. Simu ikiniuliza kama nina hakika nataka kufuta picha, nampa mwanangu abonyeze. Mke wangu anafikiri ni ushamba.

Wewe unayenisoma, kama kuna mtu amekuachia neno la mtu mwingine, mpelekee leo, hata kama litakuvua nguo mbele za watu. Usingoje jioni, usingoje wawe wamekwenda. Na ukiwa Masisi au Walikale ukakutana na mwanaume mrefu, meno ya mbele yameachana, mkono wa kushoto una vidole vitatu, muulize kama ni Janvier wa Kibua. Akikubali, mwambie Feza hakumchoka. Mwambie hakujua. Mwambie aliyejua ni mimi.