Gongo Alilomchongea Binti Yetu

Mume wangu ni mchonga magongo ya kriketi, na kabla sijasema jingine niseme hili: kwa kazi ile hana mpinzani. Nasema hivyo nikiwa bado nimemkasirikia. Ni mbishi, hasemezeki, ukimpa ushauri anakuangalia kama hujafungua mdomo. Lakini mpe ubao na randa, utanyamaza mwenyewe.

Wateja wanamwita Pima. Jina lilimganda kwa sababu hamchongei mtu gongo kabla ya kumpima, na kupima kwake si kwa futi. Nyuma ya karakana tuna kiua chembamba cha udongo. Mteja akija, hata awe tajiri wa kuendeshwa, atapewa gongo la zamani lililopakwa chaki usoni, asimame kule mwisho. Mume wangu atamrushia mipira thelathini, mmoja mmoja. Kisha atalisogeza lile gongo karibu na macho, aone chaki imefutika wapi.

"Wewe unaufuata mpira mbele, unaupiga ungali chini," atasema. "Nundu yako tunaishusha." Au atasema, "Wewe unarudi nyuma, unausubiri uinuke. Yako tunaipandisha karibu na mpini." Nundu ni ule unene wa mgongoni mwa gongo, na nguvu yote ndiko iliko. Mpira ukigonga penye nundu unaondoka mbio. Ukigonga palipo pembamba, mikono inakufa ganzi na mpira unakwenda unakotaka wenyewe.

Kuna jamaa mmoja mnene, mwenye duka la vipuri, alikuja kudai gongo zito kama aliloliona kwenye televisheni. Mume wangu akampima, akajifuta jasho, akamwambia, "Bosi, gongo hilo litakucheza wewe." Tulicheka mpaka mwenyewe akacheka. Aliondoka na jepesi, na hadi leo anatuletea wateja.

Basi mtu huyohuyo, siku ya kumchongea mwanawe wa pekee, hakupima.

Aliyemfundisha binti yetu ni yeye mwenyewe, palepale kiuani, mtoto akiwa na miaka saba. "Mguu mbele, mama! Ufuate mpira, usiungoje!" Anamwita mama kwa kuwa tulimpa jina la mama mkwe wangu. Akiwa na miaka kumi na mitatu mtoto akaenda shule ya bweni. Uwanja wa kule si udongo kama kiua chetu, ni zege lililotandikwa mkeka, mpira ukidunda unakuja kifuani. Ikabidi ajifunze upya. Aliyekuwa akienda kumtazama ni mimi, maana mechi ni Jumamosi, na Jumamosi karakana haifungwi hata dunia ipinduke. Kriketi siijui, lakini macho ninayo. Nilimwona anarudi hatua moja nyuma, anatulia, mpira unapanda, kisha anauchapa pembeni hadi mrushaji anashika kiuno. Jamani, nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya wazazi wa watu.

Mwaka jana akaitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tisa. Nafasi ilikuwa hiyo moja tu, kwa sababu miezi miwili mbele alikuwa anatimiza kumi na tisa. Habari alitupa kwa simu kutoka shuleni, na simu ilipokatika mume wangu aliingia chumbani, akainama, akavuta kutoka uvunguni mwa kitanda chetu ubao mweupe usio na fundo hata moja. Alikuwa ameuficha miaka minne. Nilikuwa nikifagia uvungu ule kila wiki, na kila wiki nikiulaani.

"Utampima lini?" nikamuuliza.

"Nimpime nani? Mwanangu? Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama!"

"Siku hizi anacheza akirudi nyuma, baba. Mimi nimemwona."

Akaweka randa chini. "Unataka kusema mwanangu anauogopa mpira?"

"Sijasema anaogopa. Nimesema anarudi nyuma."

"Anayerudi nyuma ni mwoga. Mwanangu si mwoga. Wewe kriketi unaijulia wapi?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojilaumu, maana mimi si mtu wa kunyamaza, hata majirani watakwambia. Siku ile nilimwona anavyong'aa, nikasema potelea mbali, fundi ni yeye.

Alichonga wiki tatu. Nundu akaishusha chini kabisa, nono, ya mtu wa kufuata mpira mbele. Akalinywesha mafuta, akaligongagonga kwa nyundo ya mbao jioni baada ya jioni ili uso ukaze. Binti alipokuja likizo akakabidhiwa mbele ya wateja. Alilikumbatia gongo, akamkumbatia baba yake, akalia. Kesho yake akaenda na rafiki yake kulijaribu kwenye uwanja wa zege karibu na soko. Aliporudi baba yake alikuwa mlangoni.

"Vipi, mama?"

"Zuri sana, baba. Linaimba."

Kwa furaha, mume wangu hakula chakula siku hiyo. Alizunguka karakana akijisemesha mwenyewe.

Siku ya mchujo alifanya ambalo hajawahi kulifanya. Alifunga karakana siku ya Jumamosi. Alivaa koti la harusi yetu, tukakaa benchi la mbele kabisa, karibu na kamba ya mpaka wa uwanja. Kila msichana alikuwa anarushiwa mipira ishirini na minne mbele ya wachaguzi watatu. Zamu ya binti yetu ikafika. Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili ukadunda, ukapanda, na mtoto akarudi nyuma hatua moja, ametulia kama nilivyokuwa nikimwona siku zote.

Nikasikia mkono wa mume wangu umenishika goti.

"Anarudi nyuma," akasema.

 Mpira uligonga kule juu, karibu na mpini, palipo pembamba. Gongo likamgeuka mkononi na mpira ukaelea kama puto, akaudaka msichana aliyesimama karibu bila hata kunyanyua mguu. Binti yetu akakung'uta vidole. Ukaja mwingine, vilevile. Mara tatu alidakwa, na kwenye kriketi ukidakwa umetoka, na kila mara nilihisi goti langu linabanwa zaidi. "Gongo langu," mume wangu alikuwa akinong'ona. "Mke wangu, ni gongo langu." Nilitaka kumwambia, "Si nilikwambia?" Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nilimtazama usoni, nikalimeza.

Majina kumi na manne yakasomwa. La kwake halikuwamo.

Nyumbani hakuna aliyewasha redio. Nilifungua begi la mtoto nitoe nguo za kufua, nikakuta chini, limeviringishwa kwenye taulo, gongo lake la shule, lile chakavu lililofungwa utepe, ambalo alikuwa amelichezea miaka yote. Nikalitoa, nikaliweka mezani. Mume wangu akalishika, akalipindua. Haikumchukua hata dakika. Nundu ilikuwa juu.

"Ulikuwa nalo kule?" akamuuliza.

"Ndiyo, baba."

"Ruhusa ya kubadilisha ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Na langu, ulijua lini kwamba halikufai?"

Binti akatazama sakafu. "Siku ile ya kwanza, baba. Mpira wa pili."

"Sasa mbona, mama? Mbona hukubadilisha? Mara ya kwanza umedakwa, ya pili umedakwa, gongo lako lipo begini, mbona?"

"Ulikuwa umekaa pale mbele, baba. Umefunga karakana, umevaa koti. Ningelitoa hili ungeliona." Akavuta pumzi. "Nikadhani nitaweza tu."

Mume wangu akakaa chini sakafuni na koti lake, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na mimi nikamfuata. Miaka ishirini ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kumsikia akilia. Binti yetu akapiga magoti katikati yetu, yeye aliyekosa timu, akatushika mabega mmoja huku mmoja huku, akawa anasema basi baba, basi mama, yameisha, nyamazeni.