Maneno Yangu Chini ya Vistari Vitatu

Wasomaji, nina la kukiri. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Gisenyi, mpakani. Nilituma marekebisho kwenye programu moja huria, ile ambayo yeyote huichangia kwa barua pepe inayowafikia wanachama wote. Mkaguzi, aliyejiita Pat, alinirudishia mara mbili: rekebisha, tuma toleo jipya.

Mwongozo ulisema maneno yanayoandikwa chini ya vistari vitatu (---) ndani ya barua hayaingii kwenye programu. Mimi nikaelewa kwamba hakuna anayeyasoma. Basi katika toleo la tatu nikamwaga hasira zangu hapo, kwa Kiswahili: “Huyu mzungu ana roho mbaya, hana kazi nyingine.” Nikatuma, jina langu na mji wangu vikiwa mwishoni mwa barua kama kawaida, roho kwatu.

Baada ya chai jibu likaingia. Mwenzangu Aline akalisoma kwa sauti, akidhani ni pongezi:

“Dada, kazi yako sasa iko muzuri, naipokea. Lakini chini ya vistari ndiyo tunaelezaka nini imebadilika, na watu wote wanasomaka. Bon, mi si muzungu. Niko Goma, Gisenyi yenu naiona kwa dirisha.”

Aline akanigeukia, macho yamemtoka.

“Mana yanjye! Mungu wangu! We uliandika nini?”