Wanja wa Siku ya Mtihani

Mdogo wangu hawezi kusema wala kuinua kidole. Huandika kwa macho: kamera chini ya skrini hufuata anapotazama, herufi kwa herufi, kisha kompyuta huyasoma maneno kwa sauti. Siku hiyo alikuwa na mtihani wa kazi ya kutafsiri, wa saa moja tu, na mwajiri angemwona kwenye skrini. Maombi yake mengine yote ya kazi yalikuwa yamekataliwa.

"Huendi mbele za watu na macho matupu," nikamwambia, nikampaka wanja mzito kama wa Idi. Kusema haki, hakukataa. Lakini pia sikumngoja ajibu.

Mtihani ulipofunguka, kamera haikuyaona macho yake. Nikafuta kioo, nikazima, nikawasha, nikafunga madirisha ya barazani kupunguza mwanga. Akawa anapepesa macho mno. Nilidhani ni woga.

"Tulia, mamangu, watakuona wahangaika."

Saa ikaisha, mtihani ukajifunga.

Machozi yakaanza kuuosha ule wanja, kamera ikayaona macho, ndipo nikaelewa. Nikamalizia kuufuta kwa mafuta ya nazi. Akaandika polepole, mashine ikasema: "Dada, nilipopepesa nilikuwa nakwambia unifute wanja."

Labda mwingine pia asingeelewa, sijui. Mimi nilimwambia atulie.