Mlio wa Injini ya Baba Bwawani Endarasha

Niliondoka Endarasha kwa sababu mama yangu alitaka kusikia mlio. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka ufuoni mwa ziwa, na Jumamosi angerudi kwake. "Mlima huu sitaupanda tena," alisema kwa utulivu, kama mtu anayesema chai imeisha. Kabla ya kwenda aliomba kitu kimoja tu: injini ya mashua ya marehemu baba iungurume tena akiwa hai. Baba alivusha watu ziwani kwa injini hiyo, kisha akaniachia mimi, kitindamimba wake, mwalimu niliyeolewa huku juu kwenye baridi. Niliilaza stoo karibu na viazi. Sasa nikiivuta kamba ilikuwa inawaka, inakohoa, inazima.

Asubuhi ya Alhamisi niliipakia kwenye pikapu ya mume wangu nikaifunika blanketi. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba hadi Mweiga. Misaipresi ilijitokeza mmoja mmoja kando ya barabara, ikanitazama, ikarudi ndani. Niliona kana kwamba nambeba baba mwenyewe, kajilaza huko nyuma, nikajikuta napunguza mwendo kila penye tuta nisimwamshe.

Baada ya Nyeri jua lilitoka. Karatina nilivua sweta. Kutoka hapo barabara huteremka bila haraka. Masikio yaliziba, yakazibuka, na hewa ikawa nzito na vuguvugu, hewa ya utotoni mwangu. Niliivuta kwa tamaa.

Sagana, si mbali na mto, nilimkuta Mwangi, fundi wa pikipiki na pampu za kumwagilia maji.

"Mwalimu, hii injini ni mzee kuliko mimi," alisema, akaitoa blanketi kwa adabu. Plagi ilitoa cheche nzuri. Alifungua tangi akanusa, akakunja uso. "Ati hii petroli imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu niolewe."

"Basi hiyo ndoa imedumu!"

Aliimwaga yote, kisha akaifungua kabureta. Chini ya kikombe chake kulikuwa na utando wa kahawia, kama sukari iliyoungulia sufuriani, na kijitundu cha kupitishia petroli kilikuwa kimeziba. Nilichomoa pini ya nywele nimsaidie.

"Wacha! Ukipanua hiyo shimo, tumeiharibu." Alikisafisha kwa petroli, akakipuliza kwa upepo wa pampu hadi mwanga ukapita. Tuliiteremsha injini kwenye pipa la maji, akavuta kamba, akazungusha skrubu ya petroli huku kainamisha kichwa. Injini iliimba. Nilisimama kando ya pipa lile nikalia bila kuona haya, maana niliisikia nyumba yetu yote ndani yake.

Jioni nilifika tena Endarasha, na jua likiwa bado juu ya vilima, niliifunga kwenye mashua inayotumika kuondolea magugu bwawani chini ya nyumba yetu. Mama aliteremka akishika nguzo za ua, akisimama kila mara kuhema. Nilivuta kamba. Injini ilitoa moshi mzito, ikatandaza harufu ya petroli, ikazima. Nikavuta tena, vilevile. Nikapandwa na hasira. Nilimlaani Mwangi, nikailaani Sagana na daraja lake.

Mama alikaa kwenye jiwe. "Huyo si mgonjwa," alisema kwa lugha yetu, akiitazama injini. "Mimi nilipofika hapa nilihema wiki nzima. Wewe umemtoa kule chini, umempandisha siku hiyohiyo, kisha unamtaka akimbie. Mwache apumue kwanza."

Nilimpigia Mwangi, nikamweleza.

"Ai! Kwani mashua iko Endarasha? Mimi nilidhani iko hapa kwetu! Mwalimu, huko hewa ni kidogo, na mimi nimeipea petroli kwa kipimo cha huku. Funga hiyo skrubu pole pole, ukiskiza. Usikaze yote."

Watu wa mteremko tuna kasoro hii: tunashuka na kupanda kutwa, tunadhani hewa ni ileile. Nami ni mtu wa kuchemsha maharagwe Endarasha, na najua yanavyochelewa kuiva kuliko kwa shemeji zangu kule chini. Sikuwaza hata mara moja kwamba injini nayo inaishi mahali. Niliikaza skrubu kidogo, nikasikiliza, nikaikaza tena. Moshi ukawa mwepesi, mlio ukanyooka.

"Panda, Mama! Twende!"

Alitikisa kichwa. "Sijawahi kuipanda. Mimi niliisikia nikiwa jikoni, ikimleta baba yako." Akageuka, akaanza kupanda mteremko, nguzo kwa nguzo.

Nilingoja hadi mlango wa jikoni ukafunguka, ndipo nikaondoka. Mlima mkubwa wa ng'ambo ulikuwa umevua mawingu, barafu yake imekuwa ya waridi, na maji yalikuwa kimya, yakiuakisi, hivi kwamba nilihisi ninapita juu ya mlima wenyewe. Nilizunguka bwawa lote. Nilipokaribia ukingo nilipunguza moto taratibu, kama alivyofanya baba kila jioni, mlio ukashuka, ukashuka, ukakatika.

Jikoni maji ya ugali yalikuwa yanatokota. Mama alikuwa ameupa mlango mgongo, wala hakugeuka.

"Leo umechelewa," alisema, akatia unga.