Chenga za Bawa la Nzi

Mkuu wa shule aliponikabidhi kompyuta ya ofisi kwa wiki mbili, hakunificha sababu. Wanafunzi wa fizikia walikuwa wamebaki wachache. Wenzao wamekimbilia masomo ya biashara, na nani angewalaumu, siku hizo kila mtu Sumbawanga alikuwa na kitu anachouza.

"Nionyeshe kitu cha kuwavuta," aliniambia. "La sivyo, muhula ujao fizikia tunaifunga."

Nikamwahidi hologramu, picha inayoundwa kwa mwanga wa leza. Mdomo huponza kichwa.

Nilichotaka kilikuwa kidogo tu. Kitochi cha leza, kutoka kwa wachuuzi wa mpakani Kasesya, kinamulika bawa la nzi. Kamera ya kompyuta niliyoing'oa lenzi inanasa mwanga uliopita pale, na programu niliyopewa na mwenzangu wa chuo inaugeuza kuwa picha ya bawa. Kwenye karatasi, rahisi. Kwenye stoo ya shule nilipata chenga tupu, kama za televisheni upepo ukishageuza antena. Katikati yake palikuwa na kivuli. Ningekuambia ni bawa au ni Ziwa Rukwa, ungenikubalia vyote.

Wa kumlaumu nilimjua. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na mashine ya kusaga, na ikinguruma kikombe changu kilitembea mezani. Nikamwendea mwenye mashine, mama mtu mzima mwenye unga hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta mahindi?"

"Hapana, mama. Naomba mzime mashine nusu saa tu. Napiga picha ya bawa la nzi."

Akawageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao. "Mmesikia jamani? Ugali mtakula kesho. Leo nzi anapigwa picha!"

Waliangua kicheko, nami nikaondoka nimevimba. Mashine ile ilinyamaza umeme ulipokatika tu, na umeme ukikatika kompyuta yangu nayo inazimika. Wote tulikunywa kisima kimoja, na kisima chenyewe kiko Zambia, umeme wetu unakotoka.

Nikaingoja Jumapili. Watu wako misani, mashine kimya, umeme upo. Mke wangu nilimwacha aende kanisani peke yake, akaenda amenuna. Mle stoo hata kupumua nilipumua kwa adabu. Nikapiga picha nyingi na kuzitafutia wastani, maana chuoni tulifundishwa kwamba chenga hufutana. Zikatoka chenga zilezile, mahali palepale.

Nilipiga meza ngumi hadi mkono ukauma. Kumbe mashine ilinitikisia picha tu. Chenga zilikuwa za leza yenyewe. Mwanga wake ukigusa vumbi na mikwaruzo ya vioo nilivyobania bawa, unagongana wenyewe kwa wenyewe na kuzaa madoa. Na kwa kuwa nilikuwa nimetuliza kila kitu, madoa nayo yalikuwa yametulia. Ukijumlisha picha zinazofanana, unapata ileile. Wiki nzima nilikuwa nimepigania utulivu, na utulivu ndio ulionifunga! Nilitakiwa kuzihamisha chenga, bawa libaki palepale.

Siku ya mwisho ya kompyuta nililaza vifaa vyangu juu ya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mtetemo ukapungua. Nikakata kipande cha mfuko wa rambo, nikakitega mbele ya leza, nikawa nakisogeza kidogo kila baada ya picha ili chenga zihame. Moja moja zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo. Lakini kadiri nilivyozijumlisha, chenga zilipungua kama pumba kwenye ungo. Mshipa wa kwanza wa bawa ukajitokeza, halafu mwingine, halafu vijinywele vya ukingoni. Nilicheka peke yangu. Fizikia ilikuwa imepona.

Picha sikuwa nimeihifadhi. Nilisema niongeze moja tu, iwe safi zaidi, ndipo nimwite mkuu.

Ng'ambo ya uzio mngurumo ukaanza kushuka, ukawa mnong'ono, ukafa. Nilipogeuka, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Ule ukimya niliouomba wiki mbili ulijaa stoo nzima, na mlangoni nilisikia viatu vya mkuu, amefuata kompyuta yake.

"Mwalimu!" mama wa mashine aliita kutoka kule, bila ubaya wowote. "Haya, tumenyamaza. Piga picha yako sasa."