Jumapili Alizochukua Jirani

Wewe unayesoma, sogea karibu. Nakueleza jambo ambalo hata padri nilimwambia nusu tu, kwa sababu naamini wewe hutanicheka, au ukinicheka utacheka kimya kimya. Mimi nilimwonea wivu mwanamke mwenzangu. Si kwa nguo wala kwa nyumba. Nilimwonea wivu kwa kutembea.

Tulikuwa tumehama Gorong'a, tukapanga nyumba pale Turwa, pembeni ya mji wa Tarime, mume wangu alipopata kazi ya kulinda ghala la mahindi. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mwalimu na mumewe, bwana afya, watu wa kuja kutoka upande wa Morogoro. Kila Jumapili mchana, baada ya kula, hao wawili walitoka na watoto wao. Walitoka tu. Hawakuwa na jembe wala kikapu, na hawakuwa na mgonjwa wa kumwangalia. Mume alimbeba mtoto mdogo mabegani, miguu inaning'inia kifuani kwake, na mke anatembea sawa naye, bega kwa bega, wakiongea. Wanapita sokoni, wanafika uwanja wa mpira, wanakaa kwenye nyasi kuangalia timu za vijana, wanarudi na miwa mkononi.

Kwetu mwanaume hutangulia na fimbo yake, na mwanamke anakuja nyuma na mzigo. Nilizaliwa nikaikuta hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake. Lakini Jumapili hizo nilikuwa nakaa mlangoni na rozari yangu, nasali, na macho yanatoka kwenye rozari yanakwenda barabarani. Nikifika fungu la tatu sijui tena nilikuwa naomba nini.

Kilichoniumiza zaidi ni binti yangu wa mwisho. Alikuwa na miaka sita hivi. Alianza kwa kuwasindikiza hadi kona, kisha hadi sokoni, kisha ikawa anakwenda nao moja kwa moja. Jumapili akitoka kanisani hakai. Anaosha miguu mwenyewe, anakaa kwenye jiwe kungoja wamwite. Akirudi ni "mama mwalimu amesema hivi, mama mwalimu amecheka vile." Nikimpa uji anasema wa kule una limau. Nikaanza kuona kwamba siku sita mtoto ni wangu, ya saba si wangu, na moyo wake unaifuata ile ya saba.

Na ubaya wenyewe ni huu: huyo mwanamke ndiye aliyenifundisha kusoma. Jioni tatu kila wiki, mimi na akina mama wenzangu tuliketi kwenye madawati ya watoto wetu, magoti yanagonga mbao, naye alipita nyuma yetu, anashika mkono wangu na kuuongoza juu ya karatasi. "Dada, usiibane kalamu, haitakimbia." Ananisifu mbele ya wenzangu. Natoka pale nimejifunza, na nimemchukia.

Basi ikafika Saba Saba. Watu walijaa uwanjani, ngoma, halaiki ya watoto wa shule, mahindi makubwa na ndizi zimepangwa kwenye meza kila mtu aone. Yakatangazwa mashindano ya akina mama: kukimbia na debe la maji kichwani, bila kushika, na maji yasimwagike. Zawadi ni sufuria.

Mwalimu akajitokeza. Nikamsikia binti yangu anamwambia mwenzake, "Mimi namshangilia mama mwalimu."

"Na mama yako je?"

"Mama hachezi."

Nilivua viatu pale pale. Nilikuwa nimebeba debe kutoka mtoni tangu nikiwa na umri wake. Mama mmoja wa kanisani akasema, "He! Na wewe? Umelewa komunyo?" Nilifunga khanga yangu kiunoni mara mbili, nikaweka debe.

Walipopiga filimbi niliwaacha wote. Nakuambia kweli, sikusikia hata uzito. Nilisikia watu wanapiga kelele, na ndani yake nikatafuta sauti moja tu. Nikafika zaidi ya nusu. Hapo nikainua macho kuangalia kamba ya mwisho, na nyuma ya kamba kulikuwa na viti vya wazee, na kwenye kiti cha kati ameketi baba mkwe wangu.

Sikujua kwamba amekuja mjini. Labda wewe si wa huku, nikueleze. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Nikikutana naye njiani mimi naingia majanini, nageuza uso mpaka apite. Sijawahi kula mbele yake, wala kukaa kwenye kiti alichokalia. Sasa mimi nakuja namkimbilia, miguu wazi mpaka magotini, kifua kinarukaruka, mbele ya wazee wenzake wote.

Kichwa hakikuamua. Miguu ndiyo iliyoamua. Nilikata kona, nikatoka kwenye mstari, nikaingia kwenye nyasi ndefu za pembeni, nikasimama nimewapa watu mgongo na debe liko kichwani.

"Huyo anakwenda wapi?" watu wakacheka. "Mama, kisima hakiko huko!"

"Mwacheni, anamnywesha ng'ombe!"

Mwalimu akanipita. Hakuelewa kitu, akaita kwa huruma kabisa, "Dada, njia ni huku! Njoo!" Akaendelea, akafika, maji yamemwagika hadi kwenye nywele, lakini amefika wa kwanza.

Mimi nipo majanini. Wazee wa kwetu walikuwa wamenyamaza, wao wanajua. Ndipo nikasikia sauti ya baba mkwe, anasema kwa sauti kubwa, bila kumwambia mtu yeyote, "Jua hili linaniumiza macho." Jua lilikuwa mgongoni kwake. Akasimama, akageuza kiti chake, akakaa anaangalia barabara.

Nikatoka majanini, nikapita nyuma ya mgongo wake, nikavuka kamba nikiwa wa mwisho. Hata tone moja halikumwagika. Nilimtafuta binti yangu nimwonyeshe debe. Alikuwa amekwisha kumkimbilia mwalimu, ameshika mkono mmoja wa sufuria, wanacheka pamoja.

Nyumbani mume wangu alifurahi kuliko siku niliyozaa mtoto wa kiume. "Tata amekusifu. Anasema mkamwana wake ana heshima." Wazee wote wananisifu. Ningewarudishia sifa zao zote kwa kelele moja ya mtoto wangu. Naye akaniuliza, "Mama, kwa nini ulikimbilia majanini?"

"Nyamaza ule."

Jumapili iliyofuata nilipokea komunyo, nikarudi nyumbani. Mchana mwalimu akapiga hodi. "Dada, mtoto yuko tayari?"

"Ana homa," nikasema.

Mtoto alikuwa nyuma yangu, amevaa gauni lake, miguu imeoshwa. "Mama, mimi sina homa!"

Mwalimu alimgusa paji la uso. Akaniangalia kidogo. "Basi apumzike, tutaonana," akasema, akaenda. Mtoto aliketi kwenye jiwe lake akalia bila sauti, na mimi nilisimama mlangoni na uongo wangu, Jumapili, saa mbili tu baada ya kumpokea Bwana.

Niliomba msamaha. Kisha nikaona kwamba kuomba peke yake hakutoshi, mtoto bado analia. Nikamwambia, "Vaa viatu. Twende."

"Wapi?"

"Kutembea."

Alinitazama kama nimesema twende Ulaya. Tukatoka. Mimi sikuwa nimewahi kutoka nyumbani mikono mitupu bila kujua naenda wapi. Mikono ilinisumbua. Mtu akanisalimia, "Shikamoo mama, kuna msiba?" Nikaongeza mwendo. Tukapita sokoni kama tunafukuzwa, mtoto anakimbia pembeni yangu.

"Mama, unatembea kama tunakwenda shamba."

"Nitembeeje?"

"Pole pole. Ukiona kitu, simama ukiangalie."

"Kitu gani?"

"Chochote!"

Tukasimama kumwangalia fundi wa baiskeli. Nilijiona mjinga, mtu mzima nasimama kuangalia mnyororo. Lakini mtoto alikuwa amenishika kidole.

Mbele ya uwanja tukakutana nao. Mume, mtoto mabegani, mwalimu pembeni na miwa yake. Nikasikia uso unaungua.

"Homa imekwisha?" mwalimu akauliza.

"Imekwisha."

"Tumshukuru Mungu. Njooni basi, twende wote." Akamnyooshea binti yangu mkono.

Nilisikia vidole vya mtoto vinalegea ndani ya mkono wangu. Sikuvibana. Nilitaka sana kuvibana, Mungu ni shahidi.

Mtoto akaangalia ule mkono, akaangalia muwa. Kisha akasema, "Leo siji. Leo namtembeza mama. Yeye hajui kutembea."

Bwana afya alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mabegani akashika masikio yake. Mwalimu naye akacheka, nami nikacheka, kwa aibu. Tukapita. Baada ya hatua kumi hivi binti yangu aligeuka kuwaangalia, na wivu ukanichoma pale pale, mpya kabisa. Nikatembea pole pole kama nilivyofundishwa, nikasimama kuangalia mbuzi ambaye hakuwa na jambo lolote la kuangaliwa.

Tangu hapo Jumapili tukagawana. Moja anakwenda nao, moja ananitembeza mimi. Zile zake na wao bado ziliniuma, sikudanganyi, na niliziungama moja moja.

Sasa nimekuambia. Ukimjua mama anayekaa mlangoni Jumapili na kuhesabu hatua za jirani, msomee haya. Kama hajui kusoma msomee polepole, na umwambie naye amwambie mwingine.