Gasketi ya Raizoni

Habari kwamba Dada amejifungua mtoto wa kike kule Malambo ililetwa na dereva wa lori la ng'ombe aliyesimama Karatu kunywa chai. Dereva alimwambia muuza chai, muuza chai akamwambia Mama, na Mama akarudi nyumbani mbio bila zile nyanya alizokuwa ameendea sokoni. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimefunga shule, kidato cha tatu kimekwisha, na likizo yangu ilikuwa ya kuchambua maharage na kuandika ninayoyaona. Kusema naogopa. Mtu akinitazama sana maneno yananikimbia, halafu nikishika kalamu yanarudi yote, hata yale ambayo hayakuitwa.

Dada ni mwalimu. Alipangiwa Malambo, akaolewa na mwalimu mwenzake hukohuko, na sasa alikuwa amempa Mama mjukuu wa kwanza. Kwenda kule hakuna basi. Unapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unashuka upande wa pili, kisha ni nyika na makorongo makavu. Makorongo hayo mvua ikinyesha yanajaa, na gari halipiti tena mpaka kiangazi. Mwaka ule vuli ilikuwa imechelewa. Karatu nzima ilikuwa inaangalia mbinguni ikiomba mvua ili mahindi yapandwe, isipokuwa Mama, aliyekuwa anaiomba ichelewe kidogo tena.

"Kwani kiangazi si kitakuja?" Baba alimwambia. "Mtoto hatahama."

"Kiangazi atakuwa anatembea. Mimi nataka kumbeba, sitaki kwenda kupeana naye mkono."

Gari tulikuwa nalo. Ilikuwa pikapu ya Baba na Baba Mdogo, waliyoinunua kwa shirika ikiwa tayari imezeeka, na ilikuwa inavuja oili kiasi kwamba pale inapolala majani hayaoti. Zamani haikuwa shida, unaongeza tu. Lakini siku hizo oili ya injini, kama vitu vingi madukani, ilikuwa haipatikani. Baba alikuwa na kopo moja la galoni alilolipata Arusha kwa foleni, na alilificha uvunguni mwa kitanda.

"Oili hii ni ya kwenda na kurudi kama haivuji," alisema. "Ikivuja ni ya kwenda tu. Tutabaki huko tunachunga mbuzi."

"Kaka, si tutakuwa tumepumzika," Baba Mdogo akasema.

"Utapumzika wewe. Mimi siipandishi milima hii mpaka ikauke."

Basi Mama akafunga samli na unga wa ulezi wa kumpelekea mzazi, akaweka karibu na mlango, akakaa kusubiri gari likauke.

Baba Mdogo aliingia chini ya pikapu na spana, akatoka amepaka weusi hadi masikioni, akatangaza kwamba ni sampu, lile bakuli la chini kabisa ambalo oili hukaa. Akakaza boliti zake zote. Asubuhi mchanga ulikuwa umelowa tena. Akakaza zaidi, moja ikakatika kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa na ungo wangu wa maharage upande wa kivuli, nikilitazama tone likining'inia kwenye sampu. Lilikuwa linanenepa polepole, linatetemeka, kisha linaachia. Nikaanza kujiuliza lilikuwa wapi kabla ya kufika pale. Nyumbani kwetu bati limetoboka karibu na mlango, lakini maji yanadondokea juu ya kabati, upande mwingine kabisa, kwa sababu yanaifuata mbao kwanza. Sasa kwa nini oili iwe tofauti? Mbona tunaitafuta pale inapoangukia?

Nilitaka kuwaambia. Nilifungua mdomo mara kadhaa na kila mara nikatia punje ya haragwe upande wa mbovu.

Walipokwenda kula mchana nilifungua boneti. Injini ilikuwa nyeusi yote, mafuta na vumbi vimeshikana kama ukoko wa sufuria, huwezi kujua wapi ni pa leo na wapi ni pa mwaka juzi. Nikaisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha kwa kitambaa kikavu. Ilichukua muda na hakuna aliyenitafuta, hiyo ndiyo faida ya kuwa mtu asiyesikika. Ikabaki kutafuta kitu cheupe. Majivu niliyaogopa, yana mchanga ndani yake. Nikachukua kibaba cha unga wa sembe, nikauchekecha juu ya injini kama mtu anayenyunyiza poda.

Baba Mdogo ndiye aliyetangulia kufika.

"Mungu wangu! Kaka, njoo uone! Injini imeota mvi!"

Mama naye akatoka. "Nani amechukua unga wangu? Yaani watu wanapanga foleni, ninyi mnalipikia gari ugali?"

Wote wakanitazama.

"Washeni," nikasema.

"Nini?"

"Washeni tu."

Baba alinitazama kidogo, akaingia ndani, akawasha. Tulichosahau sote ni feni. Ilipuliza unga wa mbele wote, na Baba Mdogo aliyekuwa ameinama kuchungulia akaupokea usoni. Mama alisahau hasira, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini kule nyuma ya injini, upepo usikofika sana, unga ulikuwa umeshika, na tukakaa tukiutazama. Muda ulipita bila kitu. Kisha nikaona kidoa, si chini kwenye sampu, ni juu kabisa, chini ya ule mfuniko mrefu mafundi wanaouita tapeti kava. Kidoa kikawa mstari, mstari ukateremka taratibu nyuma ya injini, ukapinda, ukaenda kuishia kwenye boliti aliyoikata Baba Mdogo.

"Kumbe," Baba alisema. Alikwenda kuleta spana mwenyewe.

Chini ya mfuniko kulikuwa na gasketi, ule utepe unaokaa kati ya chuma na chuma ili oili isipate pa kutokea. Ilikuwa nyeusi, imekauka, ukiigusa inakatika kama kaukau. Duka la spea la Karatu siku hizo lilikuwa na mwenye duka na kalenda. Tukamwagiza dereva wa basi aulize Arusha, naye akarudi na jibu lilelile.

"Tatizo liko wapi?" Baba Mdogo akasema. "Tyubu si ipo."

Na kweli, huku kwetu tyubu ya gari inafanya kila kazi. Inafunga mizigo, inaziba ndoo, inashika suruali ya Baba Mdogo mwenyewe. Alikata gasketi nzuri sana ya mpira, ametoboa matundu yote sawasawa, akakaza kwa nguvu zake zote. Haikuvuja hata tone. Wakaipeleka hadi kijiji cha Rhotia na kurudi kuijaribu, na Mama akatoa kanga zake za safari akazipiga pasi.

Asubuhi mchanga ulikuwa mweusi. Tulipofungua, tyubu ilikuwa imevimba, imelegea kama pipi iliyonyonywa, na ilikuwa imejisukuma nje kati ya vyuma.

"Imekuwa kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki," alisema Baba Mdogo, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Upande wa mlima Oldeani mawingu yalikuwa yamekaa tangu alfajiri. Majirani walikuwa wanayafurahia, wanaitana kutoka shamba hadi shamba. Mama alisimama mlangoni akayatazama, akainama, akaanza kuufungua ule mzigo wa samli.

Mimi nilichukua vile vipande vya gasketi ya zamani. Nilitaka kujua ni kitu gani hicho ambacho kilikaa humo miaka yote bila kuvimba. Nikaviosha kwa mafuta ya taa. Weusi ulipotoka, ndani palikuwa na rangi ya kahawia, punjepunje zilizoshikanishwa. Nikatia kipande majini, kikaelea. Nikabonyeza kwa ukucha pale ambapo hapakuungua sana, pakabonyea, kisha pakarudi taratibu. Nilijua nimewahi kukigusa kitu hicho, na si kwa mkono.

Hapa lazima niseme jambo. Dada aliporudi kutoka chuo cha ualimu alikuja amevaa raizoni, vile viatu vya soli nene, vyekundu. Mama alimwambia anatembea kama ng'ombe aliyekanyaga makopo, na alitishia kuvichoma. Waligombana hadi mwisho wa wiki. Alipokwenda Malambo aliviacha chumbani, akaniambia huko kuna mawe, vitamvunja miguu, nimtunzie. Nimemtunzia, lakini kila nikiwa peke yangu navivaa. Nikivivaa naona juu ya kabati. Naona pia kwenye kioo msichana mrefu ambaye akiulizwa swali angejibu. Na kisigino cha kushoto ngozi imebanduka, na ndani yake ni kahawia, punjepunje, chepesi.

Nilikileta kile cha kushoto, nikakiweka mezani kando ya vipande vya gasketi.

"Msomi leo anatoka," Baba Mdogo akasema. "Dansi iko wapi?"

Nilimsogezea Baba vyote viwili. Akabonyeza kimoja, akabonyeza kingine, akavinusa, akatoa kisu akabandua ngozi zaidi.

"Ni kitu kilekile," alisema. "Ni hiki cha vizibo vya chupa. Mama, hebu njoo uone, mtoto amepata gasketi."

Mama akaja akifuta mikono. Alipoona kisu kimeelekezwa kwenye kiatu, alikichukua kiatu mkononi mwa Baba.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hiki ni cha mwanangu."

"Shemeji," Baba Mdogo akasema, "si wewe uliyetaka kuvichoma?"

"Nilitaka. Je, nilivichoma?"

Alikaa nacho mapajani. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akikishika. Alifuta vumbi la juu kwa pembe ya kanga, akapitisha kidole kwenye bizimu ya mkanda wake, akakigeuza akatazama chini pale soli ilipolika kwa mwendo wa Dada, zaidi upande wa nje. Nilishangaa. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naviangalia. Nje radi ililia mbali, ile ya kunguruma tu. Mama akainua kichwa.

"Kisu hicho butu," alisema. "Leteni kile cha jikoni."

Baba Mdogo alijaribu kukata, kipande kikamvunjikia. Baba akajaribu, kikatoka kinene huku na chembamba kule. Mama akawapokonya kisu. Yeye hukata mboga za majani nyembamba kama nyuzi huku anazungumza na mtu, haangalii, na soli ile aliikata hivyohivyo, kipande baada ya kipande, vyote sawa, ila hakuzungumza na mtu.

Mimi nilichora umbo la mfuniko kwenye boksi la sabuni, tukavipanga vipande juu ya mchoro. Kwa kuwa kiatu ni kifupi kuliko injini ilibidi viungwe, na tukakata ncha zake ziumane, kama unavyopachanisha vidole vya mikono miwili. Tukaviloweka maji ya vuguvugu visikatike, tukavikausha, tukapaka grisi kidogo kuvishikisha. Wakati wa kukaza Baba Mdogo akaja na spana yake ndefu.

"Bamdogo, polepole," nikasema. "Kidogo huku, kidogo kule. Ukiibana sana itapasuka."

Nilisikia sauti yangu nikadhani ni ya mtu mwingine. Baba Mdogo aliniangalia, akanipa spana.

Mama mwenyewe ndiye aliyeleta unga, na hakuuliza utatumika kiasi gani. Waliendesha hadi Rhotia tena, wakarudi, tukafungua boneti. Nyuma ya injini pote palikuwa peupe.

Tuliondoka alfajiri iliyofuata, Mama na Baba mbele, mimi na Baba Mdogo nyuma na samli. Getini Lodoare, pa kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, askari alichungulia akauliza tunakwenda wapi na mawingu haya. Mama akajibu kabla ya Baba: "Kwa mjukuu." Juu ukingoni ukungu ulikuwa mzito hata kreta hatukuiona, baridi inauma meno, na Baba alisimama akachungulia chini ya gari, akapima oili kwa kile kijiti, akaendelea. Akasimama tena tulipomaliza kushuka. Kule nyikani kulikuwa na joto kama nchi nyingine, na ng'ombe wa Wamasai wamekonda mbavu nje. Kijana mmoja aliyekuwa akiwachunga alitupungia fimbo.

"Mmetuletea mvua?"

"Inakuja nyuma yetu!" Baba Mdogo akapiga kelele.

Tulipofika Malambo, Mama aliteremka gari halijasimama sawasawa. Dada alikuwa mlangoni mwa nyumba ya walimu, mtoto begani, na alianza kusema shikamoo lakini Mama alishamchukua mtoto. Akamfunua uso. Akamwambia kitu kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini sana, na ingawa nilisogea sikusikia. Mpaka leo sijui alimwambia nini, na natamani kujua.

Nilimwambia Dada kuhusu kiatu wakati tunapika. Niliogopa. Akauliza, "Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto."

"Basi mna spea moja," akasema, akacheka hadi akalazimika kuipua sufuria.

Mvua ilianza wakati tumelala, ikapiga bati mpaka kukapambazuka. Asubuhi Baba alikwenda kuliangalia korongo, akarudi viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Maji yalikuwa yanapita na miti mizima. Alisimama mlangoni akihesabu kwa sauti mambo yanayomsubiri Karatu: mbegu hazijachaguliwa, shamba la juu halijapigwa jembe la pili, majirani watakuwa wameshaanza.

Mama alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, mtoto amelazwa juu ya miguu hiyo, naye anamwogesha kwa maji ya vuguvugu. Hakugeuka.

"Gari si halivuji?" aliuliza.

"Halivuji."

"Basi kaa unywe chai."